Tiger Moth ya mwaka 1940: tafuta banda kabla ya ndege

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mtoto wa Voi, naendesha treni hapa Uingereza mwaka wa 12 sasa. Nina leseni ya rubani binafsi na saa 140, zote za Cessna 152. Kwenye uwanja wetu wa nyasi kuna mzungu wa miaka 79 anauza Tiger Moth yake ya mwaka 1940, ile ya mabawa mawili na viti vya wazi. Amekaa nayo miaka 31 na anataka pauni 62,000. Anasema injini ina saa 600 tangu ifumuliwe, na kitambaa kilibadilishwa miaka 9 iliyopita. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Je, ninunue? Itanila kiasi gani? Nikichoka nayo nitapata wa kumuuzia? Na siku moja naweza kuja nayo nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mkeo salamu zangu, umwambie hajakosea sana.

Nilianza ufundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikaumalizia huko huko uliko wewe, na kwa miaka 11 nilikuwa na hisa moja kati ya tano katika Tiger Moth. Hisa hiyo nimeshaiuza. Kwa hiyo nimeinunua, nimeirusha, nimeifungua skrubu hadi ya mwisho, na nimeiaga. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, si wako, kwa sababu swali lako la kuuza ndilo linalojibu mengine yote.

Kwanza, usimpe mzee huyo hata pauni moja kabla hujapata banda. Ndege hii ni mifupa ya mabomba ya chuma, mabawa ya mbao, na ngozi ya kitambaa. Ukiiacha nje msimu mmoja wa baridi wa Uingereza utakuwa umenunua kuni. Mzee anaihifadhi wapi sasa? Nafasi hiyo inakuja na ndege, au ni ya rafiki yake anayemvumilia kwa ajili ya urafiki wao? Mabawa yana upana wa karibu mita 9 na, tofauti na dada yake mkubwa Gipsy Moth, hayakunjwi. Nimemwona mtu akinunua ndege Machi, na hadi Julai bado anabembeleza pembe ya banda kwa mkulima wa viazi.

Pili, kabla hujazungumzia rangi wala bei, omba vitabu vya ndege. Vyote: cha mwili, cha injini, cha propela, tangu cha kwanza kabisa ikiwezekana. Kaa navyo mezani siku nzima. Sentensi "injini ina saa 600" haina maana mpaka nijue saa hizo zilitumika kwa miaka mingapi. Saa 600 ndani ya miaka 10 ni injini iliyokuwa inapumua. Saa 600 ndani ya miaka 28 ni injini iliyolala na unyevu tumboni, na kutu haisomi kipima saa. Ukimtazama mwenye ndege usoni unapomuuliza aliruka saa ngapi mwaka jana, utajua mengi.

Humo vitabuni tafuta kitu kimoja kabla ya vingine: fito za chuma zinazopita chini ya mwili kutoka ubavu hadi ubavu, zinazofunga maungio ya mabawa ya chini. Ni fito nyembamba, hazionekani, hazipendezi, na ndizo zinazokushikilia hewani. Desemba 2013, pwani ya Queensland, Australia, Tiger Moth iliyokuwa imebeba watu wawili ilifanya michezo ya angani na bawa lake la chini la kushoto likang'oka. Wote wawili walikufa. Wachunguzi walikuta fito hizo zimekatika penye hesi (ile mikunjo ya kufungia nati), mahali palipokuwa na nyufa za zamani za uchovu wa chuma. Kikomo kilichokuwa kimewekwa ni saa 2,000 au miaka 18, na zile zilikuwa hazijafika huko. Zilikuwa zimetengenezwa na mtengenezaji mwingine kwa idhini ya nchini humo. Kwa hiyo usitosheke na neno "zimebadilishwa". Uliza lini, na uone karatasi ya kila fito inayoonyesha imetoka kwa nani. Muundo wa ndege hizi leo unasimamiwa na de Havilland Support, na maelekezo yao ya kiufundi ndiyo fundi wako atakayoyafuata.

Kuhusu kitambaa. Miaka 9 bandani si mingi, hasa kama ni kile cha poliesta, si kitani cha zamani. Lakini kitambaa kipya kina tabia ya shuka jipya kwenye kitanda kibovu. Kundi letu liliwahi kulipia kubadilisha kitambaa cha bawa moja kwenye karakana moja ambayo sitaitaja. Bawa likarudi limenyooka, linang'aa, tukapiga picha. Miaka minne baadaye nikafungua kidirisha cha ukaguzi nikapitisha kioo, nikakuta ubavu wa mbao umeungwa kwa kipande ambacho gundi yake haikuwa imeshika hata nusu. Karatasi ya kazi hiyo ilikuwa na mistari miwili tu. Tangu siku hiyo, bawa likifunikwa bila picha za ndani, mimi nalihesabu kuwa halijafunguliwa. Mwulize mzee: picha za miaka 9 iliyopita ziko wapi? Na gundi ya mbao ni ya zama gani? Zile za kale zilizotokana na maziwa huliwa na unyevu na ukungu taratibu, na boriti ya bawa huanza kuachia bila kelele.

Mengine ambayo fundi wako ataangalia bila mimi kumfundisha: kutu ndani ya mabomba ya chini karibu na mkia, ambako maji hutulia, tangi la petroli lililo katikati ya bawa la juu, kwa sababu likivuja linavuja juu ya kichwa chako, nyufa kwenye vichwa vya silinda, na magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini. Nasema fundi wako, si wa muuzaji. Mlipe wewe, hata kama wa muuzaji ni malaika.

Sasa gharama. Bei ya kununua ndiyo ndogo, maana unailipa mara moja na nyingi yake unaweza kuirudisha. Kundi letu la watu watano lilitenga pauni 9,000 kwa mwaka kabla propela haijazunguka hata mara moja: banda, bima, ukaguzi wa mwaka, na akiba ya injini. Gawanya hiyo kwa saa utakazoruka kweli, si zile unazoota. Uingereza upepo, mvua na matope ya nyasi vitakupokonya wikiendi nyingi kuliko unavyodhani. Mmiliki wa peke yake anayefanya kazi ya zamu kama wewe akifikisha saa 30 kwa mwaka amejitahidi. Hapo kila saa imekugharimu pauni 300 kabla ya petroli. Petroli yenyewe inakwenda kama lita 30 hadi 35 kwa saa, na petroli ya ndege huko ni zaidi ya pauni 2 kwa lita. Oili ongeza. Injini hii hunywa oili na nyingine huitema. Ukiona Tiger Moth ambayo haina alama ya oili ubavuni, angalia kama kuna oili ndani.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kuwa usinunue ndege nzima. Nunua robo, au umshawishi mzee abaki na robo. Sheria za Uingereza zinaruhusu kundi la wamiliki, na ndege inayorushwa na watu wanne ina afya kuliko inayorushwa na mmoja. Tena mzee akibaki ndani, unabaki na miaka 31 ya kumbukumbu: anajua injini hukohoa lini, anajua bawa lipi huwa zito. Mtu huyo ana thamani kuliko propela ya akiba. Kitu kimoja tu: andikeni mkataba. Nani analipa ikivunjwa, nani anaamua kuuza, mrithi wa aliyefariki anapata nini. Nimeona urafiki wa miaka 20 ukifia kwenye betri ya redio ya mkononi.

Kuirusha, hapo ndipo utafurahi na kuaibika kwa pamoja. Tiger Moth iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na zikatengenezwa karibu 9,000, nyingi zikiwa za kufundishia marubani wa vita. Ilipendwa kwa kufundishia kwa sababu kila kosa lako inalionyesha na ni mara chache inakuua kwa hilo. Injini ya Gipsy Major ina nguvu za farasi 130, silinda nne zimening'inia kichwa chini. Kwa kuwa zimegeuzwa, oili huteremka ikajaa kwenye silinda ndege inapokaa, kwa hiyo propela huzungushwa kwa mkono taratibu kwanza ili kuhakikisha hakuna silinda iliyojaa. Ukiilazimisha utapinda kitu ambacho fundi wako atalipiwa likizo nacho.

Betri hakuna. Stata hakuna. Propela inapigwa kwa mkono, na hapa nakuomba unisikilize kama mwanangu wa kuzaa. Magneto haihitaji betri. Waya wa swichi ukikatika, injini iko hai hata kama swichi inasema imezimwa. Kila unapoishika propela, ishike kana kwamba itawaka. Weka vigingi kwenye magurudumu, weka mtu anayejua ndani ya kiti, na usiwashe peke yako kwa sababu tu siku ni nzuri na hakuna mtu uwanjani. Kuna Tiger Moth zilizowahi kuondoka zenyewe huku mwenyewe akizikimbilia.

Breki pia hakuna, kama imebaki ya asili, na mkiani badala ya gurudumu kuna kiguu cha chuma kinachokwaruza ardhi. Kwenye nyasi kiguu hicho ndicho breki yako. Kwenye lami huna kitu. Mbele huoni, pua imekuzibia, kwa hiyo unakwenda kwa zigizaga kama mlevi anayetafuta geti. Upepo ukiwa na nguvu unahitaji mtu atembee ameshika ncha ya bawa.

Ukiruka peke yako unakaa kiti cha nyuma. Mguu wako wa kulia umezoea Cessna, wakati wa kuondoka unakanyaga wenyewe. Propela ya Gipsy Major inazunguka upande wa pili: ndege itavuta kulia, na mguu unaotakiwa ni wa kushoto. Kila mwanafunzi wangu anayetoka Cessna alikosea hili mara ya kwanza, na mimi nilikosea. Angani, eleroni (vibao vya kuinamishia mabawa) ziko mabawa ya chini tu na ni za kivivu. Ukigeuza kwa fimbo ya usukani bila kukanyaga pedali, pua inakwenda upande usioutaka na upepo unakupiga shavu moja. Huo upepo wa shavuni ndio kifaa bora kuliko vyote ulivyonavyo. Cha pili ni sauti ya nyaya zinazofunga mabawa. Utakapokuwa unashuka kwa noti 55 hivi (maili za baharini kwa saa), nyaya zinaimba sauti fulani. Zikianza kunyamaza, shusha pua kabla hujatazama saa ya mwendo. Kasi ya safari ni kama noti 70 na kitu. Kwenye barabara kuu magari yatakupita, na upepo ukiwa wa mbele hata malori.

Kipimo cha petroli ni kijiti ndani ya kichupa cha kioo juu ya bawa. Tangi ni lita 86. Mimi nilipanga safari za saa moja na nusu, zikizidi sana mbili, na sikuwahi kujuta.

Vaa. Hata Julai, futi 2,000 juu ya Uingereza ndani ya upepo huo ni baridi ya friji. Na abiria wako afunge kila kitu. Mke wangu alipanda na mtandio wa hariri tulioununua Mombasa, nikamwambia auchomeke ndani ya koti, akasema umekaa vizuri. Uko kwenye shamba la ngano la mtu hadi leo.

Kabla ya kununua, tafuta mwalimu wa ndege za gurudumu la mkiani uruke naye saa 10 au 15, sehemu yake kwenye Tiger Moth hasa. Mafunzo hayo unatakiwa uwe nayo kwenye kitabu chako kwa vyovyote, na kampuni ya bima itakuuliza. Huenda baada ya saa tano ukagundua kwamba ulichokipenda ni picha ya ndege, si ndege. Hapo utakuwa umeokoa pauni 61,000. (Usimwambie mkeo nimesema hivi.)

Kuhusu kuuza. Mnunuzi yupo. Tiger Moth ni ndege inayojulikana, vipuri vyake bado hupatikana, na watu wanaoitaka wako Uingereza, Ulaya bara, Australia, New Zealand. Ungekuwa Marekani ningekuzungumzia Stearman, ile yenye injini ya mviringo ya farasi 220, ambayo vijana weusi wa Tuskegee, marubani wa jeshi wakati wa vita, walijifunzia pale Moton Field, Alabama. Lakini haiuziki upesi kama gari. Sisi tulitangaza hisa yangu Novemba na simu haikulia mpaka Machi. Hakuna anayetamani kiti cha wazi kwenye mvua ya Novemba. Uza majani yakiwa mabichi na jua limetoka.

Kinachopandisha au kushusha bei ni vile vitabu. Baada ya vita ndege hizi ziliuzwa kwa bei ya chee, zikavunjwa, zikaungwa tena. Zipo ambazo bati la namba limetoka ndege moja, mwili wa pili, mabawa ya tatu. Si kosa la mtu, na nyingi zinaruka salama, lakini yenye mlolongo usiokatika tangu jeshini inalipwa zaidi. Kwa hiyo siku utakayonunua ndiyo siku unaanza kuuza: kila kazi iandikwe, kila risiti ihifadhiwe, kila bawa likifunguliwa lipigwe picha.

Na usifiche ajali. Mwenzetu mmoja alitua na upepo wa ubavuni, ndege ikazunguka kama pia na kuvunja ncha ya bawa la chini. Tuliandika yote, na picha za mbao zilizovunjika na za mbao mpya. Aliyenunua hisa yangu alifungua ukurasa huo, akausoma mara mbili, akauliza maswali ya kitoto mawili matatu, kisha akatoa kalamu. Mtu wa kwanza, ambaye nilidhani ndiye mnunuzi, alikuwa rubani wa ndege kubwa za abiria mwenye maelfu ya saa, akataka kuijaribu peke yake. Nilikataa. Alikuwa hajawahi kugusa ndege ya gurudumu la mkiani, na bima yetu isingemfunika. Mnunuzi anarushwa na mtu mnayemwamini, anaishika fimbo angani, na kutua si kwake. Pesa nazo zithibitishwe na benki yako, si kwa picha ya simu, kabla hujasaini hati ya mauziano. Ndege hii haina ufunguo wa kumnyima mtu.

Bei ya 62,000 si ya wizi kama fito ni changa na injini ilikuwa inaruka. Kama fito zimebakiza miaka miwili na injini ilikuwa imelala, toa gharama hizo kwenye bei, na umwonyeshe mzee hesabu kwa heshima. Miaka 31 si mchezo. Anauza sehemu ya mwili wake.

Kuja nayo nyumbani inawezekana. Mabawa yanatolewa, mwili wa mita 7 na kitu unaingia kontena la futi 40, halafu unahitaji fundi anayejua kuyafunga tena mabawa kwa vipimo vyake, na usajili kwa mamlaka yetu ya anga, ambao ni safari yake nyingine. Familia hii ya ndege si wageni kwetu. Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilianza na Gipsy Moth, na mwaka 2016 kundi la ndege za kale za mabawa mawili zilipita Kenya na Tanzania zikitoka Krete, Ugiriki, kwenda Cape, Afrika Kusini. Na hapo hapo kwenu Voi, tarehe 14 Mei 1931, Gipsy Moth ya Denys Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza, ilianguka mara tu baada ya kuruka. Alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau. Watu husimulia habari za Finch Hatton na kumsahau Kamau.

Shida ni hewa: mahali pa juu na penye joto huwa nyepesi, na injini hukosa nguvu. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari; siku ya nyuzi 26, injini inahisi kama iko futi 8,000, na farasi wako 130 wanabaki kama 100. Wawili ndani na tangi limejaa, utaiona miti ya mwisho wa uwanja kwa karibu kuliko ulivyotaka. Voi iko chini zaidi, lakini joto la nyuzi 32 linaipandisha hadi kama futi 4,400. Malindi ungepata nguvu, ila chumvi ya bahari ingekula yale mabomba ya chuma. Kwa Voi, ruka alfajiri, ruka mwepesi, na jenga banda ambalo mchwa hawalifikii. Jua letu nalo lisikiguse kitambaa saa ambazo huruki.

Jumamosi ukienda kwa mzee, chukua tochi na kile kioo kidogo cha mpini cha daktari wa meno. Mwombe akufungulie vidirisha vya chini ya bawa, uangalie, unuse. Mbao zinazooza zina harufu ya kabati la bibi. Kisha piga picha ukurasa wenye tarehe ya fito za chuma, unitumie.